Bei ya Mnadani si Bei ya Gari

Hapana mkazi wa Gairo asiyejua mnada. Mji huu, ulioko kandokando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, na ambao tangu mwaka 2012 umekuwa makao makuu ya wilaya yake baada ya kumegwa kutoka Kilosa, umekulia katika biashara ya mahindi, maharage na mifugo. Mwenye kwenda mnadani kununua ng'ombe humtazama meno, humtembeza aone kama anachechemea, na ushuru wa halmashauri anaujua kabla hajatoka nyumbani kwake. Anapotaja bei, anajua ni kiasi gani kitakachomtoka mfukoni.

La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akisikia kuwa magari yatanadiwa Dodoma au Dar es Salaam, huuza mavuno ya msimu mzima, akafunga safari, akanyoosha mkono na kutaja bei ya kitu ambacho hajakifungua wala hajakiwasha. Liwe ni gari la serikali lililochakaa, liwe ni gari lililotelekezwa bandarini, au iwe ni Land Rover ya zamani inayosakwa na wapenzi wa magari ya kale, jambo moja huwa limefichika machoni pake: bei inayotangazwa dalali anapogonga nyundo siyo bei ya gari. Ni mwanzo tu wa hesabu. Wengi hurudi vijijini na gari lisilotembea na deni lisilolipika, na wanaoumia ni watoto ambao ada yao ya shule ilikuwa ndani ya magunia yale ya mahindi.

Katika makala hii tunakusudia kusema jambo moja: mnada wa haki ni ule ambao kila ada hutajwa kabla ya dau la kwanza, na mnunuzi mwenye busara ni yule aliyekwisha kuzihesabu ada hizo kabla hajafungua kinywa.

Tuanze na funzo lililo karibu nasi. Jirani zetu wa Kongwa wanaikumbuka historia ya mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Waanzilishi wake, kwa pupa ya kupata mitambo upesi, walinunua matrekta yaliyokwisha kutumika, mengine yakiwa ni mabaki ya mali ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino baada ya vita. Bei ya kununulia ilionekana nafuu. Lakini baada ya kuyasafirisha baharini na kuyafikisha katika ardhi ngumu ya Kongwa, kabla mwaka huo haujakwisha sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imesimama kwa ubovu na ukosefu wa vipuri. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Yalikuwapo makosa mengine mengi, ya ardhi, mvua na mipango. Lakini kununua chuma chakavu kwa kutazama bei ya kwanza pekee lilikuwa miongoni mwao. Ikiwa serikali yenye wahandisi na wahasibu iliangukia humo, mkulima wa Chakwale au Nongwe ana haki zaidi ya kuonywa.

Na asidhani mtu kuwa jambo hili ni la masikini peke yao. Mwezi Novemba mwaka 2023, mjini New York, gari la kale aina ya Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 lilinadiwa, na nyundo ikagongwa kwa dola milioni 47. Aliyelinunua alilipa dola milioni 51.7. Tofauti hiyo ya dola milioni 4.7 ni ada ya mnunuzi, yaani malipo ambayo nyumba ya mnada humtoza mshindi juu ya bei aliyoitaja. Ada hiyo nayo ina historia. Nyumba mbili kubwa za mnada za London, Sotheby's na Christie's, ziliianzisha mwaka 1975 kwa asilimia 10, na wafanyabiashara wa sanaa wakalalamika sana, kwa sababu kabla ya hapo ujira wa dalali ulikuwa juu ya muuzaji. Leo imekuwa desturi ya dunia.

Hata matajiri hao hawakusalimika na hila. Mwezi Desemba mwaka 2001, mahakama ya New York ilimtia hatiani Alfred Taubman, aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's, kwa kula njama na Christie's ya kupanga viwango vya ada walizowatoza wateja wao. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na nyumba hizo mbili zilikuwa zimekwisha kukubali kuwalipa wateja dola milioni 512. Basi penye ada isiyo wazi, dhulma haiko mbali, hata kama waliomo ukumbini wamevaa suti.

Je, dini yetu inasemaje? Mnada wenyewe ni halali. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alimnadia mtu mmoja masikini wa Ansari vitu vyake viwili, tandiko na chombo cha kunywea maji. Mmoja akatoa dirham moja, Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Mnada ule ulifanyika kwa ajili ya kumwinua masikini: kwa dirham moja akanunua chakula cha nyumbani, na kwa ya pili akapata shoka la kukatia kuni. Ujira wa dalali nao hauna ubaya; Imam Bukhari ameweka mlango maalumu juu yake, akataja kuwa wanachuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin na Atwaa hawakuona tatizo. Wanachuoni wa fiqhi wameshurutisha kuwa ujira ujulikane.

Lililokatazwa ni hila. Mtume (s.a.w.) amekataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei hali ya kuwa hana nia ya kununua, ila kumsukuma mwenzake alipe zaidi. Kwa lugha ya mitaani, ni wale vijana wanaopangwa pembeni kuitikia dau kila mgeni anapotaja bei. Amekataza pia kuficha kasoro ya bidhaa, na kuuza kitu chenye utata ambao mnunuzi hawezi kuujua. Sasa tuulize: ada ambayo mnunuzi huijua baada ya nyundo kugongwa, ina tofauti gani na kasoro iliyofichwa?

Tutazame minada ya magari hapa nchini. Ipo minada ya magari ya serikali na mashirika ya umma yaliyofikia ukomo wa matumizi. Ipo minada ya forodha, kwa kuwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kuuzwa kwa mali isiyokombolewa kwa wakati. Na ipo ya benki na mahakama, ya mali za wadaiwa. Karibu matangazo yote hubeba maneno haya: gari litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Maana yake ni kuwa injini ikiwa imekufa, ni juu yako. Sanduku la gia likiwa tupu, ni juu yako. Na kulitoa hapo uwanjani ni juu yako. Kwa kawaida mshindi hutakiwa kulipa robo ya bei papo hapo na kukamilisha salio katika siku chache, mara nyingi 14. Akishindwa, amana yake hupotea. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya kuchukuliwa amana ya namna hii: jumhuri wameizuia, na Imam Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Lakini mwenye kupoteza fedha yake kwa kuwa hakujua, hitilafu hiyo haimsaidii.

Kisha huja yale yasiyotajwa kabisa. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu, kadi mpya na bima. Faini za barabarani na madeni ya maegesho hufuata namba ya gari, na aliyenunua hujikuta anadaiwa kwa makosa ya dereva asiyemfahamu. Kubwa zaidi, gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, kama yale ya miradi ya wafadhili na balozi, likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi iliyosamehewa hufufuka, ikadaiwa kwa thamani ya gari ya wakati huo. Swali la nani atailipa, muuzaji au mnunuzi, yafaa liulizwe kabla ya mnada.

Wanaoagiza magari kutoka minada ya Japan nao wapo katika mtihani huo huo. Wakala humwonesha mteja bei ya gari pekee, na mteja akafurahi. Juu ya bei hiyo kuna ada ya nyumba ya mnada, ujira wa wakala, nauli ya meli na bima. Jumla ya hayo ikifika, tuseme, shilingi 100, ushuru wa forodha wa asilimia 25 huifanya 125. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya hiyo 125, siyo juu ya 100, ikawa 147.5. Hapo bado ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, bado ushuru wa uchakavu, na bado gharama za bandari. Mpenzi wa magari ya kale ajue kuwa umri anaousifu yeye, mbele ya forodha huitwa uchakavu, na gari likizidi kuzeeka hutozwa zaidi.

Twalitaja hili kwa sababu mapenzi ya magari ya zamani yamekua nchini. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha maalumu. Si vibaya mtu kuipenda Land Rover iliyowabeba wazee wetu katika milima ya Ukaguru. Lakini pale kitu kinaponunuliwa kwa mapenzi, dalali hujua, na ulimi wa mnunuzi hutangulia hesabu yake.

Tuchukue mfano. Mkulima ana shilingi milioni 6, akashinda gari mnadani Dar es Salaam kwa milioni 6 kamili. Masharti yanamtaka mnunuzi alipe ada ya asilimia 10: laki 6. Gari haliwaki, na kulivuta zaidi ya kilomita 300 hadi Gairo ni laki 9. Matairi manne na betri ni milioni 1.2. Uhamisho, bima na faini za zamani ni laki 4. Jumla ni milioni 9.1. Amezidisha zaidi ya nusu ya bei, na fundi bado hajafungua injini.

Angefanya hesabu kwa kurudi nyuma, mambo yangekuwa mengine. Kutoka milioni 6 angetoa gharama zisizokwepeka, yaani milioni 2.5, zikabaki milioni 3.5. Humo ndimo dau na ada ya asilimia 10 vinapaswa kuenea. Kwa hiyo ukomo wake ni takribani milioni 3.18. Bei ikipita hapo, anarudi nyumbani na fedha yake, na hajapoteza kitu isipokuwa nauli.

Wapo watakaosema kuwa masharti yameandikwa, na asiyesoma ajilaumu mwenyewe. Twakubali kuwa mnunuzi ana wajibu wa kusoma. Lakini karatasi ya herufi ndogo, tena mara nyingine kwa lugha ya Kiingereza, ikitolewa baada ya mtu kulipa kiingilio, haiwezi kuitwa bayana. Dalali mwenye kipaza sauti, anayeweza kulisifu gari kwa nusu saa, hawezi kushindwa kutaja ada kwa nusu dakika. Kuzitaja hakumgharimu kitu, ila kama faida yake imejengwa juu ya ujinga wa wateja.

Kwa hiyo tunawanasihi madalali, na miongoni mwao wamo ndugu zetu tunaosimama nao safu moja: tajeni ada zote kabla ya dau la kwanza, semeni kodi iko juu ya nani, ruhusuni gari likaguliwe na fundi, na wafukuzeni wapandishaji wa uongo. Wanunuzi nao waende na fundi, waandike ukomo wao kwenye karatasi, wahakiki namba ya gari kwa mamlaka husika kabla ya siku ya mnada, na wasiliache dai la risiti ya kila malipo.

Na kamati za misikiti zinazochangisha fedha za jamaa ili kupata gari la kubebea majeneza au wanafunzi wa madrasa, ziwe wa kwanza kufuata utaratibu huu. Fedha hiyo ni amana ya mama muuza vitumbua na mzee mwenye ekari mbili. Wasisomewe siku ya Ijumaa bei ya mnadani pekee. Wasomewe jumla ya gharama yote mpaka gari lilipoegeshwa mbele ya msikiti, kisha waulizwe kama wameridhika.

Wabillahi tawfiq.