Mlima Una Wenyewe



Kuna neno ambalo wenye nguvu hulitamka upesi wanapoitamani ardhi ya wanyonge: ushirikina. Likishatamkwa, mlima wa watu huhesabiwa kuwa mali isiyo na mwenyewe. Neno hilo twalipinga, na shahidi wetu ni Wadongria Kondh, kabila dogo la milima ya Niyamgiri, katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India.

Wadongria huamini kwamba mlima huo ni makao ya Niyam Raja, Mfalme wa Sheria, na kwamba wao ni wa ukoo wake. Kwa sababu hiyo hawakati miti ya kileleni. Miteremkoni hulima ulezi, tangawizi, manjano na mananasi. Kileleni umo mwamba wa boksiti, madini yatoayo alumini. Mwamba huo hunyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole, vijito visikauke kiangazi. Basi anayezuia shoka kwa jina la Niyam Raja hulinda pia maji anywayo mwanawe. Je, huo ndio ujinga?

Kampuni ya Vedanta, iliyojenga kiwanda huko Lanjigarh, chini ya mlima, ilitegemea kupata boksiti hiyo, zaidi ya tani milioni 70. Tarehe 18 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mabaraza ya vijiji yaseme yenyewe iwapo uchimbaji ungevunja haki yao ya kuabudu. Serikali ya jimbo ilichagua vijiji 12 tu. Julai na Agosti mwaka huo vilikutana mbele ya hakimu, na vyote 12 vikakataa. Januari 2014 Serikali ya India nayo ikaukataa mradi.

Wapo watakaouliza: je, Wakondh wa zamani hawakutoa kafara za binadamu? Walitoa, na katika karne ya 19 nyati alishika nafasi ya mtu. Hatutetei kila mila. Mila iuayo mtu na ihukumiwe. Lakini faida nayo hudai kafara. Huhamisha vijiji na kuchafua mito, wala hakuna aiitaye ushirikina.

Sisi Wakristo tusijitoe katika lawama. Ni mara ngapi tumeicheka miti mitakatifu ya wenzetu? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba kwa watu wa asili ardhi si bidhaa, bali ni zawadi ya Mungu na ya wazee waliolala humo. Hatuungami imani ya Wadongria. Twamkiri Mungu mmoja, Muumba wa milima yote. Hata hivyo, haki ya kuabudu haipimwi kwa wingi wa waamini wala kwa unene wa kuta za hekalu. Asiyekubali altare yake ichimbuliwe, asikubali ya jirani ichimbuliwe.

Boksiti ingali kileleni, na tamaa haifi kwa hukumu moja. Kwa hiyo twadai hivi: kabla ya mashine kupanda mlima wowote, wenyewe waulizwe kijijini kwao, kwa lugha yao. Na wakisema hapana, hapana yao iheshimiwe.