Sifa za vivutio vya Mlima Kenya zapita thamani yake

MGENI anayefika Nanyuki kwa mara ya kwanza aghalabu huteremka garini mbele ya bango la manjano lenye ramani ya Afrika kabla hata ya kuinua uso kuutazama Mlima Kenya. Hapo hupiga picha, mguu mmoja ukiwa kaskazini mwa dunia na mwingine kusini. Kisha hualikwa kujionea mwujiza wa maji.

Mwonyeshaji hubeba jagi, beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. Hupiga hatua chache kaskazini mwa bango, akamimina maji, na kijiti kikaanza kuzunguka kuelekea upande mmoja. Akivuka kwenda kusini, kijiti huzunguka upande wa pili. Penye mstari wenyewe, maji hushuka moja kwa moja na kijiti kikatulia. Mgeni hupiga makofi, akatoa pochi na kununua cheti cha kuthibitisha kwamba ameivuka Ikweta.

Onyesho hilo limevuma mbali. Shirika la BBC lililionyesha mwaka wa 1992 katika makala ya Michael Palin kuhusu safari yake kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, na tangu hapo vitabu vingi vya kuwaelekeza wasafiri vimelitaja kana kwamba ni somo la sayansi.

Tatizo ni kwamba si kweli.

Ni bayana kuwa mzunguko wa dunia huathiri mwendo wa vitu. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis alieleza hesabu zake mnamo 1835, na ndiyo sababu vimbunga huzunguka kwa pande tofauti kaskazini na kusini mwa Ikweta. Lakini kwenye Ikweta penyewe athari hiyo kwa maji ya beseni ni sufuri, na hatua chache kando yake ni kana kwamba haipo.

Mwaka wa 1962, Ascher Shapiro wa taasisi ya MIT nchini Marekani alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya karibu na Boston. Alitumia tangi lenye upana wa mita 1.8, akayaacha maji yatulie kwa muda wa saa 24, ndipo akazibua tundu. Hata kwa uangalifu huo wote, ilimbidi asubiri zaidi ya dakika 10 kabla ya kuona dalili za mzunguko. Umbali wa mita 20 kutoka kwenye bango la Nanyuki, nguvu hiyo haifikii sehemu moja kwa 200,000 ya ile ya Boston. Kinachokizungusha kijiti ni mkono wa mwonyeshaji: namna anavyomimina maji na anavyoligeuza beseni.

Itakuwa dhuluma kumtwika mwonyeshaji lawama. Anatafuta riziki, na kiini macho ni kazi kama kazi nyingine. Wa kuulizwa ni wale wanaopanga safari na kuzitangaza, ambao kwa miaka mingi wameridhika kumfikisha mgeni penye bango, wakampa nusu saa ya beseni na kijiti, kisha wakamrejesha garini. Mlima wa pili kwa urefu barani Afrika uko pale pale nyuma ya mawingu, lakini ratiba haina nafasi yake.

Suala hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Kenya ilipokea karibu watalii milioni 2.4 kutoka nje mwaka wa 2024, nao Wakenya wenyewe wanazidi kusafiri. Treni ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejeshwa mwishoni mwa 2020, na upanuzi wa barabara ya Kenol-Sagana-Marua umepunguza adha ya safari ya kuelekea mlimani. Pesa zinazokuja na wasafiri hao hufuata sifa. Penye sifa ndipo panapojengwa vibanda, choo na maegesho. Pasipo na sifa hubaki njia ya matope.

Sifa zenyewe zilitoka wapi? Mara nyingi zilitungwa na watu waliokuwa wakipita tu.

Chukua mfano wa Treetops, iliyo katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri. Hoteli hiyo ilianzishwa mwaka wa 1932 na Eric Sherbrooke Walker kama vyumba vichache juu ya mti wa mugumo, ili wageni watazame wanyama wakija kunywa maji usiku. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Elizabeth wa Uingereza alilala hapo, na babake, Mfalme George VI, akafariki dunia. Binti huyo alipanda mtini akiwa mwanamfalme, akashuka akiwa malkia. Hadithi ya namna hiyo haihitaji tangazo.

Hata hivyo, ina mapengo. Elizabeth hakupewa habari za msiba akiwa Treetops. Aliambiwa baadaye akiwa Sagana Lodge, nyumba aliyozawadiwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya harusi yake. Isitoshe, vyumba alivyolala viliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau mnamo 1954, na hoteli iliyojengwa upya mwaka wa 1957 ni jengo jingine kabisa. Kwa miongo mingi, wageni waliolipa ili walale alipolala malkia wamelala mahali ambapo hakuwahi kulala usiku ule. Aliporudi kuzuru mwaka wa 1983, hata msitu wa kando ya dimbwi ulikuwa umepungua, kwani ndovu walikuwa wameangusha miti mingi.

Linaloshangaza ni jinsi historia nyingine ya msitu huo huo ilivyosukumwa kando. Aberdare, au Nyandarua kama wenyeji wanavyoiita, ndiyo iliyowahifadhi wapiganaji wa uhuru. Humo umo mti wa mugumo ambao inaelezwa Dedan Kimathi na wenzake waliutumia kupitishia barua. Kimathi alikamatwa kandokando ya msitu huo Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Sanamu yake ilisimamishwa jijini Nairobi miaka 50 baadaye. Lakini mtoto wa shule anayepelekwa Nyeri kwa ziara ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani akiijua hadithi ya malkia kuliko ya mti huo.

Si kila kumbukumbu ya Waingereza huko ni ya kupuuzwa. Kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti aliyefariki Januari 8, 1941, liko Nyeri na ni kaburi lake kweli. Maskauti wanaokuja kutoka pembe zote za dunia hupata walichokifuata.

Upande wa magharibi wa safu hiyo ya milima kuna Maporomoko ya Thomson, mjini Nyahururu. Joseph Thomson, mvumbuzi kutoka Scotland, alipita hapo mwaka wa 1883 na jina lake likabaki. Maji ya mto Ewaso Narok huanguka mita 74, na mtazamaji huyaona baada ya kutembea hatua chache kutoka barabarani. Huo wepesi ndio siri ya umaarufu wake. Ndani ya Mbuga ya Aberdare, maporomoko ya Karuru hushuka mita 273 kwa ngazi tatu, takriban mara nne ya yale ya Thomson, lakini kuyafikia wakati wa mvua kunahitaji gari la magurudumu manne yenye nguvu na dereva asiyeogopa matope.

Ubaya wa sifa za Thomson hauko katika kuyalinganisha na Karuru. Uko katika kuyatazama kana kwamba yamejitokea yenyewe. Ewaso Narok huanzia Ziwa Ol'Bolossat, kusini mwa Nyahururu, ambalo ndilo ziwa la pekee la asili katika eneo la Kati. Ni makazi ya viboko na ya korongo wenye taji, ndege walio katika hatari ya kuangamia duniani. Kwa miaka mingi ziwa hilo limekuwa likimegwa: mashamba kwenye kingo, mifugo ndani ya matete, maji yakichotwa kwa pampu. Serikali ililitangaza kuwa ardhioevu inayolindwa mwaka wa 2018, lakini tangazo la gazeti rasmi haling'oi ua wala kuondoa pampu.

Kiangazi kikikaza, maporomoko huwa kijito chembamba kwenye mwamba, na mgeni aliyetoka Nairobi hulalamika kwamba amepunjwa. Ana haki ya kulalamika. Ila hajapita Ol'Bolossat, hajui kwamba lipo, na hakuna sehemu ya pesa alizotumia siku hiyo iliyofika kwa mkulima anayeombwa aache kulima ukingoni. Mkulima naye akiuliza atafaidi nini kwa kuliachia ziwa nafasi, jibu analopewa ni kwamba anatunza mazingira. Kwa mwenye ekari moja na watoto shuleni, jibu hilo halichemshi sufuria. Laiti nusu ya magari yanayoegeshwa Thomson yangesimama pia ziwani, na vijana wa huko wakalipwa kuwaonyesha wageni ndege, mazungumzo na mkulima yangekuwa tofauti.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika eneo hili msemo huo umepinduliwa, kwani kizuri kimekaa kimya.

Hata Mlima Kenya wenyewe umeponzwa na mtindo huu. Kilele cha Lenana, mita 4,985, ndicho ambacho karibu kila mpandaji huahidiwa, maana Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, huhitaji kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Matokeo yake ni wapandaji kuharakishwa ili wapige picha alfajiri, wengine wakiugua kwa sababu miili haikupewa muda wa kuizoea hewa nyepesi. Njia ya Chogoria, yenye mabonde na maziwa yanayostahili siku nzima ya kutazamwa, hupitwa mbio. Siku moja zaidi mlimani ingemwepushia mpandaji maumivu ya kichwa, na ingempa mwelekezi na mpagazi ujira wa siku hiyo.

Mbio hizo zinamnyima mpandaji kuona jambo ambalo vizazi vijavyo havitaliona. Halford Mackinder alipokuwa wa kwanza kufika Batian mwaka wa 1899, mlima ulikuwa umejaa mito ya barafu. Leo vimesalia vipande vichache. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka wa 2021 kwamba, kwa kasi ya sasa ya kuyeyuka, barafu ya milima ya Afrika itakuwa imekwisha kufikia miaka ya 2040, na kwamba huenda ile ya Mlima Kenya ikatangulia kwa mwongo mmoja. Mtoto anayeanza shule ya chekechea Nanyuki mwaka huu huenda akamaliza masomo ya sekondari kilele kikiwa jiwe tupu.

Bango la Ikweta litakuwa pale pale.