URUBANI NA MTOTO WA KARANI



Jina la Ngerengere lajulikana na watu wengi kwa mambo matatu: stesheni ya reli, mashamba ya mkonge, na kiwanja cha ndege za Jeshi letu. Reli ni ya zamani, maana Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Morogoro mwaka 1907. Kiwanja ni cha baadaye sana. Kilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Watoto wa sehemu zile wamekua wakisikia ngurumo za eropleni juu ya mapaa yao, nao wakiulizwa shuleni watakuwa nani wakubwa, hawakosi wawili watatu wa kujibu: "Rubani." Wakubwa husikia jibu hilo wakacheka. Sisi leo hatucheki. Twataka kulipima jibu la mtoto huyu kama tupimavyo ombi lolote liletwalo mezani, tuone lina haki gani na lina kizuizi gani.

Rai yetu ni hii: urubani ni kazi iwezwayo na mtoto wa karani, wa mwalimu na wa mganga wa zahanati, kwa kuwa ni kazi ya akili tulivu na utaratibu. Lakini haitakuwa yake maadamu elimu yake yauzwa kwa bei ya tajiri, au yatafutwa katika nchi za wengine. Taifa halina budi kuwafunza marubani wake nyumbani, na mlango wa shule hiyo ufunguliwe kwa mtihani, wala si kwa mfuko.

Historia yetu yenyewe yatufundisha hayo. Mwaka 1964 nchi yetu changa ilipatana na Ujerumani ya Magharibi ili iwafunze vijana wetu urukaji wa ndege za Jeshi. Haukupita muda, mwanzo wa 1965, ukazuka ugomvi juu ya Ujerumani ya Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi katika Jamhuri yetu. Walimu wale wakaitwa kwao, na masomo yakakatika. Wakaja Wakanada, wakafundisha mpaka mwaka 1970; kisha wakafuata Wachina, ambao matunda ya kazi yao ndiyo kiwanja cha Ngerengere. Katika miaka sita, walimu wa namna tatu! Hatuwalaumu walimu, maana kila mmoja alimtii aliyemtuma. Lakini wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri. Mwanafunzi ambaye mwalimu wake aweza kuitwa kwao kwa simu moja, masomo yake yamo mikononi mwa mpiga simu.

Upande wa raia nao una fundisho lake. Mwaka 1971 nchi tatu za Afrika Mashariki zilifungua shule ya urubani huko Soroti, Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Shule ilibaki Soroti ilipojengwa, nasi tukabaki Tanzania bila shule. Jumuiya imefufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, nasi twafurahi. Hata hivyo, miaka ile iliyopotea hairudi.

Tena tazameni jambo hili. Mwaka 1946 mashirika mawili ya ndege yalianza safari zake katika upande wetu wa Afrika: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lenye makao Nairobi, na Shirika la Ndege la Ethiopia. Lile la kwanza lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. La pili, ambalo hapo mwanzo liliendeshwa na Wamarekani, lilijenga shule yake Addis Ababa, likawafunza wenyeji urubani na ufundi wa mitambo, na leo vijana wa nchi nyingine za Afrika huenda kusoma kwake. Hatusemi ya kwamba shule peke yake ndiyo iliyoliokoa hili, wala kwamba ukosefu wa shule ndio uliolizika lile. Yalikuwapo madeni na siasa. Twasema tu kwamba aliyewafunza watu wake mwenyewe hakubaki mikono mitupu.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi wetu hudhani rubani ni mtu wa ushujaa mwingi na maneno machache. Mwanafunzi hufunzwa kwa ndege ndogo, mathalan Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, ambayo kwa wingi wake imepita 44,000 tangu ianze kuuzwa mwaka 1956. Kabla hajaingia, huizunguka ndege na karatasi mkononi. Huchota mafuta kidogo chini ya tangi na kuyatazama kwenye chombo cha kioo, yasije yakawa na maji. Hupima oili ya injini kwa kijiti chake. Hutikisa mabawa ya nyuma na mkia kuona kama yatii. Huchungulia kijibomba kile cha kupimia mwendo, asije nyigu akawa amejenga humo, maana kikiziba, saa ya mwendo husema uongo. Yote hayo huyafanya kila siku, hata kama ndege ni ile ile aliyoirusha jana jioni.

Hewani hufunzwa kwanza kuiweka ndege sawa, kisha kugeuka, kupanda na kushuka. Hufunzwa kuitambua hali ile ndege inapoinua pua mno hata mabawa yakashindwa kuibeba, naye huzoeshwa kuishusha pua mara moja, ijapokuwa mikono yake yatamani kuivuta juu. Halafu huzunguka kiwanja mara nyingi: huruka akielekea upepo, hugeuka mara mbili mpaka awe sambamba na njia ya kutulia, hugeuka tena mara mbili, na kutua. Siku mwalimu atakaporidhika, atateremka na kumwambia aende peke yake mzunguko mmoja. Siku hiyo hakuna rubani aisahauye.

Baada ya hapo kuna hesabu. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi haitolewi kabla mtu hajatimiza miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 ikiwa shule yake imeidhinishwa. Katika saa hizo 10 ziwe za peke yake, na mojawapo ya safari hizo isiwe chini ya kilomita 270, naye atue njiani katika viwanja viwili mbalimbali. Leseni ya rubani wa kulipwa yataka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa shule iliyoidhinishwa. Humo mna mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, ramani na dira, mitambo, na lugha ya Kiingereza ya redioni. Kila saa huandikwa katika daftari la rubani: tarehe, namba ya ndege, mahali alipotoka na alipofika, muda. Daftari lisiloandikwa vema ni saa zisizohesabiwa.

Mwanafunzi wa Morogoro, akiwa na shule karibu, angepata na mwalimu asiyelipwa mshahara, nao ni mlima wa Uluguru. Upepo utokao Bahari ya Hindi hufika umebeba unyevu, hukutana na milima ambayo kilele chake cha Kimhandu chapita mita 2,600, hupanda, hupoa, na kuwa wingu na mvua upande wa mashariki. Asubuhi mlima u wazi kama sinia, adhuhuri umejifunika. Mkulima wa Matombo ajua hayo bila kitabu. Rubani naye hana budi kuyajua, kwa kuwa wingu lile lina jiwe ndani yake. Hujifunza tena kwamba joto la mchana hupunguza nguvu ya hewa, hata ndege iliyoruka upesi saa moja asubuhi itahitaji njia ndefu zaidi saa nane. Rubani mwema ndiye awezaye kusema, "Leo siendi," na abiria wakanuna, naye asijali.

Ndugu zetu, mtu akisoma sifa hizi atadhani anasoma barua ya kumsifu karani mwema: afuataye orodha bila kuruka mstari, aandikaye daftari siku ile ile, asiyeona haya kuuliza, asiyetia sahihi jambo asiloliona kwa macho. Wazazi waliokuza watoto katika adabu hiyo tayari wamewapa nusu ya urubani. Nusu iliyobaki yanunuliwa kwa fedha, na hapo ndipo tunapokwama.

Gharama ya mafunzo haya huhesabiwa kwa saa ya injini, na mpaka leseni ya kulipwa hufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Karani akikusanya mshahara wake wote bila kula, miaka itapita. Kwa hiyo mzazi huuza kiwanja, hukopa chamani na kwa ndugu, humpeleka kijana nchi ya kigeni. Fedha zikiisha katika saa ya 60 au ya 90, kijana hurudi na daftari lisilotimia, ambalo halimpi kazi. Mwenye fedha hurudi na leseni. Hapo hatukumchagua rubani hodari, tulichagua mfuko.

Wapo watakaotuambia kwamba madawati hayatoshi, nasi twataka eropleni! Twawajibu kwa adabu. Ndege ndogo si anasa katika nchi pana kama yetu. Tangu mwaka 1957 madaktari warukao wa AMREF wamewafikia wagonjwa mahali ambapo gari halifiki upesi. Ni kwa ndege ndogo kwamba Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti, kazi ambayo mwana aliifia katika ajali ya Januari 1959. Na tangu mwaka 2016 Serikali imekuwa ikinunua ndege kubwa mpya kwa ajili ya shirika letu. Anunuaye jahazi na asimlee nahodha, atawaajiri manahodha wa bandari nyingine kwa bei yao.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wanaume, au la watu wa rangi fulani. Bessie Coleman, binti Mwafrika wa Marekani aliyekuwa akitengeneza kucha za watu Chicago, alikataliwa na shule za kwao. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akapata leseni Ufaransa mwaka 1921. Nia yake ilikuwa kufungua shule ya watu weusi ili wengine wasivuke bahari kama yeye. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1926 kabla ya kuitimiza. Twamheshimu kwa kuvuka kwake, lakini twamheshimu zaidi kwa nia ile.

Basi twaomba nini? Hatuombi Jeshi liwafungulie raia lango la Ngerengere. Mambo ya ulinzi yana wenyewe. Twaomba haya matatu.

Kwanza, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam, ambacho kwa mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia kimetwikwa kazi ya kuwa kituo cha umahiri wa usafiri wa anga, kipewe ndege, mafundi na walimu wa kutosha ili masomo yasikatike. Mkopo ule utalipwa na sisi sote, wenye mali na wasio nayo. Ni haki, basi, watoto wa sisi sote wauone mlango.

Pili, nafasi kadha wa kadha kila mwaka zilipiwe na Serikali, zigombewe kwa mtihani wa wazi, na majina ya waliofaulu yatangazwe pamoja na alama zao. Aliyefunzwa kwa fedha za umma na afungwe kwa mkataba wa kuitumikia nchi miaka iliyopangwa.

Tatu, matawi ya Chama chetu yasingoje Serikali peke yake. Haba na haba hujaza kibaba. Mfuko mdogo wa tawi hauwezi kumfanya mtu rubani, lakini waweza kumlipia kijana mmoja hodari ada ya uchunguzi wa daktari, vitabu, na safari moja ya kujaribu hewani.

Na kwa wazazi tuna neno moja la hadhari. Msiuze kiwanja kabla kijana hajapimwa. Leseni ya kulipwa yadai cheti cha afya cha daraja la kwanza, kitolewacho na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Macho, masikio, moyo, hata uwezo wa kupambanua rangi, vyote hutazamwa. Kisha kijana apande mara moja na mwalimu, aone kama tumbo na moyo wake vyaipenda kazi. Kisha shule iulizwe kwa maandishi gharama yote mpaka mwisho, pamoja na mitihani na saa za nyongeza, wala si gharama ya saa za kwanza tu. Afuataye mpango huo, hata akikataliwa, hupoteza ada ndogo. Aupinduaye huweza kupoteza urithi wa nyumba nzima.

Mtoto wa Ngerengere aliyejibu "Rubani" hakuomba upendeleo. Aliomba kupimwa. Ikiwa tutampima kwa hesabu, kwa macho, kwa adabu na kwa moyo wake, akashindwa, ataridhika, nasi tutaridhika. Lakini kumpima kwa mfuko wa baba yake si kumpima hata kidogo. Twawasihi matawi yote kulizungumza jambo hili katika mikutano, na kutuletea maazimio yao kwa maandishi.