Bei ya mafuta mipakani: mwenye lori asisome bango la petroli

Mwenye gari dogo aliyefika Namanga akitokea Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 alikuwa na kila sababu ya kuvuka na kujaza tanki upande wa Tanzania. Mwenye lori hakuwa nayo, ingawa wote wawili walikuwa wakisikia habari ile ile kwamba mafuta ya Tanzania ni nafuu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ya Kenya (EPRA) ilikuwa imetangaza bei kikomo ya Nairobi kuwa Sh217.36 kwa lita ya petroli na Sh205.47 kwa lita ya dizeli. Mapema mwezi huo, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ya Tanzania (EWURA) ilitangaza Sh3,281 kwa petroli na Sh3,448 kwa dizeli jijini Dar es Salaam. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu Sh16.70 za Tanzania. Kwa kiwango hicho petroli ya Nairobi ilifika Sh3,630 za Tanzania, tofauti ya kama Sh350 kwa lita. Lakini dizeli ya Nairobi ilikuwa Sh3,430 hivi. Maana yake, dizeli ilikuwa bei moja na ya Dar es Salaam, na bado nauli ya kuitoa bandarini hadi Namanga haijaongezwa.

Sababu kubwa ni kodi. Nchini Kenya ushuru wa bidhaa ni Sh21.95 kwa lita ya petroli na Sh11.37 kwa lita ya dizeli, karibu nusu. Kodi ya ongezeko la thamani iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16 Julai 2023 iliumiza zote mbili, lakini dizeli ilianzia chini, na serikali ilitumia pia fedha za mfuko wa kutuliza bei. Nchini Tanzania mwezi huo dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli. Vyombo vya habari, kama kawaida yao, vilibeba bei ya petroli kwenye vichwa vya habari, na wapo wasafirishaji waliopanga safari zao kwa bei ambayo magari yao hayaitumii.

Kwa msafirishaji jambo hili si dogo. Safari ya Mombasa hadi Kampala ni kilomita 1,170 hivi. Lori lenye mzigo linalokwenda kilomita mbili kwa lita litakunywa lita 585 kwenda tu. Tofauti ya Sh10 za Kenya kwa lita ni Sh5,850 kwa safari moja. Mwenye magari kumi yanayokwenda mara tatu kwa mwezi ataona Sh175,500 zikiingia au zikitoka, na wengi wanaogombea mizigo ya korido hiyo hukosa au hupata kandarasi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ndani ya nchi moja, bei hufuata umbali kutoka bandarini na njia ya kufikisha mafuta. Mombasa hukaa chini ya Nairobi kwa takriban Sh3 kwa lita. Baada ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu hazipishani sana na mji mkuu kwa sababu bomba limefika huko, na bomba ni nafuu kuliko lori la tangi. Bomba likiisha, bei hupanda, na Mandera ndiyo hufunga orodha. Tanzania haina bomba la kuelekea Ziwa Victoria wala Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Kagera na Kigoma hulipa nauli yote ya barabara juu ya bei ya Dar es Salaam, na pengo hilo limekuwa likizidi Sh200 za Tanzania kwa lita. Dereva wa Dar es Salaam kwenda Rusumo anayejaza Ngara kwa kuwa tanki limepungua huko amelipia safari ya mafuta ambayo gari lake mwenyewe lingeyabeba bure.

Iko pia kalenda, ambayo wengi huisahau. EWURA hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi. EPRA hutangaza tarehe 14, na bei huanza kutumika tarehe 15. Bei ya dunia inapopanda kwa kasi, upande wa Tanzania huwa wa kwanza kupanda, na kwa siku kama kumi Kenya hubaki na bei ya zamani. Inaposhuka, Tanzania hutangulia kushuka. Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lunga Lunga huona pengo likibadilika mara mbili kwa mwezi, na karani wa usafirishaji mwenye akili huweka tarehe hizo ukutani.

Uganda ni habari nyingine. Huko hakuna bei kikomo, kila kituo hujipangia, na mafuta yake mengi hupitia Kenya. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia wakipinga vipimo vya lazima vya Covid-19, foleni ikajipanga ndani ya Kenya, na vituo vingine vya Uganda vikauza lita ya petroli kwa zaidi ya Sh10,000 za nchi hiyo. Wakati huo Kenya ilikuwa ikitoa ruzuku, na petroli ya Nairobi ilikuwa Sh129.72, sawa na kama Sh4,000 za Uganda. Madumu yakavuka Busia kuelekea Uganda. Miezi mitatu baadaye Kenya yenyewe ilipata uhaba, kwa kuwa serikali ilikuwa haijawalipa wauzaji fedha za ruzuku. Ruzuku ya petroli ilipoondolewa Septemba 2022 na kodi kupanda mwaka uliofuata, baadhi ya madumu yaligeuza njia. Dumu la magendo halina uraia. Hufuata waziri wa fedha aliyekosea hesabu mwezi huo.

Tangu Julai 2024 mafuta ya Uganda huagizwa na shirika lake la taifa, UNOC, likishirikiana na kampuni ya Vitol, baada ya mvutano na Kenya uliofika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki. Kampala ililalamika kwamba mpango wa Kenya wa mwaka 2023 wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Ghuba, pamoja na mawakala wa kati, uliiongezea gharama. Kwa mwenye lori, mabadiliko hayo hayajaondoa ukweli mmoja: barabara ikifungwa Malaba, bei ya Kampala husikia siku hiyo hiyo.

Burundi nako bei ya serikali ipo, lakini kwa miaka ya karibuni mafuta yenyewe yamekuwa ya kutafuta, kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni. Bei nafuu kwenye karatasi haijazi tanki. Wanaopeleka mizigo Bujumbura hupiga hesabu ya kwenda na kurudi kabla ya kuvuka Kabanga au Manyovu, na hapo ukubwa wa tanki la gari huwa na thamani kuliko tofauti yoyote ya bei.

Lipo swali linaloletwa na wafanyabiashara wanaosafiri Ulaya na Marekani. Huko dereva hushuka, hujaza mwenyewe na kulipa kwa kadi. Je, tukiwaondoa wahudumu wa pampu, bei haitashuka?

Hata huko si kila mahali. Jimbo la New Jersey limekataza wateja kujijazia petroli tangu 1949. Oregon ilikuwa na sheria kama hiyo tangu 1951 na ikailegeza Agosti 2023. Afrika Kusini, ambako malori mengi ya ukanda huu hufika, hairuhusu kujihudumia, ili kulinda ajira za maelfu ya wahudumu. Huko bei ya rejareja ya petroli hupangwa na serikali ilhali ya dizeli haipangwi. Mwenye lori anaweza kuipigania bei, lakini si huduma.

Chukua mfano wa kituo cha barabara kuu kinachouza lita 10,000 kwa siku kikiwa na wahudumu sita wanaolipwa Sh15,000 za Kenya kila mmoja kwa mwezi. Mishahara ni Sh90,000, mauzo ni lita 300,000. Mhudumu anagharimu senti 30 kwa lita. Lori linalojaza lita 500 limelipia huduma Sh150, bei ya chakula cha mchana. Kwa fedha hiyo mtu amesimama pampuni usiku kucha Salgaa au Mlolongo, amepokea malipo ya simu, amezuia mtu kuvuta sigara karibu na tangi. Kituo kikubwa kinachogombea malori huongeza bafu, maegesho yenye mlinzi na upepo wa matairi.

Gharama halisi iko kwingine. Pampu isiyorudishwa kwenye sifuri, au risiti iliyoandikwa lita 500 wakati tanki limepokea 470, humla mwenye gari Sh6,000 kwa bei ya Sh200. Hiyo ni mara arobaini ya gharama ya mhudumu, na mara nyingi inahitaji watu wawili waelewane, mmoja akiwa ni dereva. Kujihudumia hakuzuii hilo, kwani mafuta hutoka hata baada ya kuingia, na madumu yanayouzwa kandokando ya barabara usiku hayatoki kisimani. Ni haki pia kusema kwamba dereva anayecheleweshewa posho wiki mbili, kisha akakwama mpakani siku nne, anaona mafuta kama mshahara uliobaki. Wamiliki waliofunga vipima-mafuta kwenye matanki na kulipa posho kwa wakati wamezungumza lugha mbili kwa pamoja, na ya pili ndiyo rahisi zaidi kuifunga.

Kinachobaki mkononi mwa msafirishaji ni neno "kikomo". Bei ya EPRA na ya EWURA ni ya juu kabisa inayoruhusiwa, na kituo hakikatazwi kuuza chini yake. Anayejaza magari ishirini kituo kimoja kila wiki ana haki ya kumwendea meneja na kuomba hata shilingi moja ya Kenya, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya mshahara wa mhudumu kwa kila lita. Na risiti ya mashine, yenye namba ya gari na idadi ya lita, iombwe kabla gari halijawashwa.