Likizo ya Mtoto Iheshimiwe

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapofika, shule nchini Tanzania hufungwa na watoto hurejea mikononi mwa wazazi wao. Ni majira ya kipupwe. Masika yamekwisha na jua si kali. Ni wakati mwema wa mtoto kucheza. Lakini mijini limezoeleka jambo la kusikitisha: shule ikifungwa leo, kesho yake mtoto huamshwa alfajiri, akabebeshwa mkoba na kupelekwa tuisheni.

Mzazi afanyaye hivyo hana nia mbaya. Anachelea mwanawe asije akaachwa nyuma na wenzake, na anachelea pia mitaa isiyo na mwangalizi. Hofu hizo zina msingi. Hata hivyo, inafaa ajiulize swali moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo. Je, akinyimwa siku hizo na mwajiri wake, atanyamaza? Hatanyamaza, atapeleka malalamiko kwenye chama chake cha wafanyakazi. Basi iweje mtu anayeijua vyema thamani ya mapumziko yake amnyang'anye mwanawe ya kwake?

Haki ya mtoto nayo imeandikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kuwa ni mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa nao uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo.

Wapo pia wazazi wanaodhani kwamba likizo njema ni ya wenye fedha, wawezao kuwapeleka watoto mbugani au kwenye hoteli za pwani. Asiye na uwezo huo hujiona ameshindwa. Hayo ni mawazo potofu. Mtoto hahitaji ratiba wala nauli. Anahitaji mama wa kumenya naye mihogo huku wakitegeana vitendawili. Baba wa kucheza naye bao barazani, au wa kumsaidia kuunda tiara kwa karatasi na njiti za makuti. Bibi wa kumweleza ukoo wake ulikotoka. Anahitaji kucheza kombolela, rede na mpira wa matambara mpaka jua lizame. Humo hujifunza kuhesabu, kujieleza, kushindwa bila kinyongo na kushinda bila majivuno. Na mzazi, kwa upande wake, hupata kumjua mwanawe, jambo ambalo ripoti ya shule haiwezi kumpa.

Halina budi kukumbushwa jambo lingine. Mapumziko si ya watoto wa kiume peke yao. Katika nyumba nyingi, likizo ya binti ni kuchota maji, kupika na kubeba wadogo zake, ilhali kaka yake yuko uwanjani. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, lakini zigawanywe kwa haki ili wote wapate kucheza.

Ni kweli kwamba si kila mzazi anaweza kuacha kazi mwezi mzima. Mkulima yuko katika mavuno, mchuuzi yuko sokoni, mfanyakazi yuko zamu. Lakini hakuna anayekosa kabisa saa moja ya jioni, simu ikiwa imewekwa kando, ya kukaa na watoto bila shughuli maalumu.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi asiye na nafasi na mwanawe leo, asije akashangaa uzeeni mwanawe atakapokosa nafasi naye.