Miguu haina kabila
Anayesema hapa Bunia kwamba watu wa kabila fulani wamezaliwa wanariadha, akumbuke Rwanda. Mwaka 1907, msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipiga picha ya vijana wakiruka juu kuliko kimo cha mtu, na Wazungu wakaona hapo kipaji cha damu ya Watutsi. Hata hivyo, Rwanda haijapata hata medali moja ya Olimpiki. Kuruka kule kulikuwa sehemu ya malezi ya vijana. Malezi yalipokoma, nako kukakoma. Siupuuzi mwili: Iten, Kenya, iko kwenye mita 2,400 hivi, na hewa nyepesi huwajenga wakimbiaji. Lakini Iten ina pia Bruda Colm O'Connell, aliyefika 1976 kufundisha, akaja kumnoa David Rudisha, bingwa wa mita 800 London 2012. Fikra ileile ya kupanga watu kwa vimo na nasaba ilisaidia kuwatenga Wahema na Walendu, makabila ya hapa Ituri, na katika vita vyao vilivyoanza 1999 tukazika maelfu. Walimu wa michezo wa Ituri, pimeni watoto kwa saa ya mkononi, msiwaulize ukoo.