Mtoto si farasi wala panya

Kijana mmoja wa mafundisho ya ndoa alinijia jioni, mkononi ana kalenda ya Kichina aliyoipata dukani mjini. Juu yake zilichorwa picha za wanyama kumi na wawili, na chini ya kila mnyama miaka yake. Akaniambia: "Mwalimu, mimi nilizaliwa 1993, basi ni Jogoo. Mchumba wangu alizaliwa 1999, yeye ni Sungura. Mwenzangu wa kazini amenieleza ya kuwa Jogoo na Sungura hawapatani kamwe, nyumba yao huvunjika. Je, nimwache?" Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki, nikajuta. Ndiyo sababu naandika.

Tuanze kwa haki. Wachina ni taifa la zamani lenye akili nyingi, na kuhesabu miaka kwa majina ya wanyama si dhambi. Panya, ng'ombe, chui mkubwa wa milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, nyani, jogoo, mbwa, nguruwe. Wakiisha kupita wote, wanaanza tena. Kila mnyama hufungwa pamoja na kimoja cha vitu vitano, ndivyo mti, moto, udongo, madini na maji. Kwa hiyo farasi wa moto harudi mpaka miaka 60 imepita. Bibi asiyejua kusoma aweza kukumbuka hivyo umri wa mjukuu wake, kama wazee wetu walivyosema: "Huyu alizaliwa mwaka wa nzige." Hapo sioni neno. Lakini huyo mnyama hakuachwa ahesabu tu. Wamempa kiti cha hakimu, naye anahukumu watu ambao hata hawajazaliwa.

Tazameni Japani. Wajaponi walipokea hesabu hiyo kutoka Uchina, na kwao kuna neno baya juu ya mwanamke aliyezaliwa mwaka wa farasi wa moto: ati ni mkali kupita kiasi, tena atamwua mume wake. Neno hilo wamelifunga na habari ya Oshichi, binti wa muuza mboga wa mji wa Edo, aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha nyumba kwa ajili ya mapenzi. Husemwa kwamba alizaliwa 1666, mwaka wa farasi wa moto. Msichana mmoja alikosa, akaadhibiwa vikali. Na wasichana waliozaliwa karne nyingi baada yake wakadaiwa deni lake! Wale wa mwaka 1906, walipofika umri wa kuolewa, waliogopwa na wachumba. Tena wazazi wengine walikuwa wamewaandikisha binti zao kwa serikali kana kwamba walizaliwa 1905 au 1907. Baba anasema uwongo mbele ya karani ili amwokoe mtoto wake na farasi asiyekuwako.

Mwaka 1966 ukafika. Japani ilikuwa sasa nchi ya viwanda vikubwa, ya shule kila kijiji na ya treni za mbio. Mwaka 1965 walizaliwa kule watoto 1,823,697. Mwaka 1966 walizaliwa 1,360,974. Mwaka 1967 walizaliwa 1,935,647. Ndugu wasomaji, rudieni kusoma hesabu hizo polepole. Hapakuwa na vita mwaka ule, wala njaa, wala tauni. Watoto zaidi ya 460,000 walipungua kwa mwaka mmoja tu. Wazazi wengi waliepa mimba. Wengine, mimba ilipokuwako, waliitoa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kama tumboni mna mvulana au msichana, hata wavulana walikataliwa, ingawa farasi hakuwa na shitaka lolote juu yao.

Labda mtu atasema: "Mwalimu, wewe wafanya makelele bure. Huo ni mchezo wa magazeti." Naam, nchini Japani pia wengi walisema ni mchezo, wakapanga uzazi wao kwa mchezo huo.

Mwingine atasema: "Mababu wa Wachina hawakuwa wajinga, jambo la miaka elfu mbili lina ukweli wake." Basi na tuwasikilize hao mababu wenyewe. Katika karne ya kwanza baada ya Kristu aliishi kwao mtaalamu jina lake Wang Chong. Hakuwa mkristu, hakupata kusikia Injili. Yeye aliwauliza watabiri: mwasema jogoo ni wa madini na sungura ni wa mti, na madini hushinda mti, mbona basi jogoo hawadonoi sungura? Panya ni wa maji, farasi ni wa moto. Mbona panya hawawafukuzi farasi? Nilimweleza kijana wangu swali hilo la jogoo na sungura, na mara hii ndiye aliyecheka.

Tena ishara zenyewe hazipatani. Mtoto wa mwaka 2023 kwa Wachina ni sungura, kwa Wavietnamu ni paka. Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2026 ni farasi huko Japani, kwa kuwa Wajaponi huanza mwaka tarehe 1 Januari tangu 1873. Lakini Uchina yeye ni nyoka bado, kwani mwaka wao ulingoja mpaka tarehe 17 Februari. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi, lilifukuliwa kaburi la zaidi ya miaka 2,200, na ndani yake vipande vya mianzi vyenye maandiko. Orodha ya wanyama imo. Mahali pa farasi pameandikwa kulungu, na mahali pa mbwa ni kondoo mzee! Na mnajua orodha hiyo ilitumika kwa kazi gani? Kutafuta wezi. Mali ikiibwa siku ya panya, mwizi ana mdomo uliochongoka na ndevu chache. Ole wake jirani mwenye ndevu chache.

Wakristu wa Uchina walilipa kwa damu juu ya mambo hayo. Padri Adam Schall, Myezuiti wa Ujerumani, aliwekwa kuwa mkuu wa ofisi ya nyota ya mfalme huko Beijing. Ofisi hiyo ilipima jua na mwezi, lakini pia ilipaswa kuchapa siku njema na siku mbaya, hata mapadri wenzake wengine walimlaumu. (Nadhani walikuwa na haki.) Mwana mdogo wa mfalme alikufa mwaka 1658, baadaye watu wa ofisi wakashitakiwa ya kuwa walichagua siku mbaya ya kumzika. Mwaka 1665 wataalamu watano, Wachina wakristu, walikatwa vichwa. Schall, mzee aliyepooza, alihukumiwa kufa, kisha akaachiliwa baada ya tetemeko la nchi. Alikufa 1666, na bila shaka mtabiri atasema farasi wa moto alimpiga teke. Mimi nasema alikuwa na miaka 74 na alitoka gerezani. Mwenzake Ferdinand Verbiest, wa Flandria, hakunyamaza: mwaka 1669 aliandika kwa Kichina dhidi ya kuchagua siku.

Mtakatifu Agustino aliwajibu zamani watazamaji wa nyota wa Roma kwa mapacha: Esau na Yakobo walizaliwa saa moja, tumbo moja, na maisha yao hayakufanana hata kidogo. Nendeni mkaangalie mapacha wa mtaani kwenu.

Na sisi tusijisifu. Tunajua watoto wa Kongo waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, kwa sababu baba alifukuzwa kazi au mama alikufa. Mtu anayemwambia mtoto, "Wewe umeleta bahati mbaya," hatuhitaji kumtafuta Japani. Je, twataka sasa kumpa silaha nyingine, yenye picha za rangi?

Tangazo la kwanza la ndoa ya Jogoo na Sungura lilisomwa kanisani Jumapili iliyofuata. Kalenda nimemrudishia, karatasi yake ni nzuri, na tarehe zote ni sawa.